Saa Niliyomvisha Mke Wangu

Dada yangu anayefanya kazi ng'ambo alikuja nyumbani Krismasi moja akaniletea saa ya mazoezi. Ilikuwa nyeusi, nene kama kifuniko cha chupa ya dawa, na ukitoka nayo uani ukasimama kidogo inatafuta setilaiti mpaka inajua uko wapi. Ukikimbia inachora njia yako na kuituma kwenye simu, hata kama simu umeiacha nyumbani. Ukipanda baiskeli, hivyo hivyo. Usiku inahesabu mapigo ya moyo wako, na asubuhi inakuambia kama ulilala vizuri, utadhani hukuwepo.

Tunaishi Kiamunyi, nje kidogo ya mji wa Nakuru, na mimi nafanya kazi ya maabara katika chuo kule Njoro. Daktari alikuwa ameniambia presha inapanda, kwa hivyo nikaanza kwenda kazini kwa baiskeli. Jumamosi nilikuwa nakimbia na kikundi cha watu wa mtaa wetu pamoja na wengine kutoka Milimani. Tulikuwa watu wazima wenye vitambi vya viwango tofauti. Kulikuwa na mwenye duka la dawa, mwalimu wa kwaya, mama wawili wa benki, na mhadhiri mmoja wa umri mdogo kuliko sisi wote, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni nje na kila mtu alimwita daktari. Njia yetu ilikuwa ni moja. Tulianzia kwenye nyumba za Milimani zenye ua mrefu, tukaingia kwenye mikaratusi, tukapanda mpaka ukingoni mwa kreta ya Menengai. Ule mlima hauna huruma. Ukidhani umefika, barabara inakata kona na kukuonyesha mwingine.

Kabla ya saa, tulikuwa tukifika juu kila mtu kwa wakati wake, tunapumzika, tunashuka kunywa chai. Baada ya saa yangu, mhadhiri naye akanunua ya kwake, kisha mwenye duka la dawa, na kila mtu akaweka ile programu kwenye simu. Programu ilipanga majina ya watu wa kikundi kwa jinsi kila mmoja alivyopanda Menengai, wa kasi juu, wa polepole chini. Jina langu lilikuwa la pili. Mwenye duka la dawa alipohamia Naivasha na kutoka kwenye kikundi, likawa la kwanza.

Siwezi kumweleza mtu ambaye hajawahi kuwa wa kwanza kwa chochote jinsi hiyo ilivyonikaa moyoni. Babu yangu alikuja Nakuru kutoka magharibi mwa Kenya akafanya kazi ya reli. Baba yangu alifanya kazi kiwandani mpaka akastaafu. Katika ukoo wetu hakuna mtu aliyewahi kushindana na wenzake kwa miguu. Shuleni nilikuwa yule anayeshikilia masweta ya wanaokimbia. Na sasa, nikiwa mtu wa miaka arobaini na kitu, kila nikifungua simu nalikuta jina langu juu ya la mhadhiri. Nilikuwa nafungua simu mara nyingi.

Mke wangu hakuvutiwa na mambo hayo. Yeye ni mwalimu wa watoto wadogo katika shule moja hapo karibu, kazi ya kusimama na kupaza sauti kuanzia asubuhi. Amezaliwa Kuresoi, kule juu kwenye baridi, na tangu tuoane sikuwa nimemwona akikimbia isipokuwa kuwahi nguo kwenye kamba mvua ikianza. Nikikaa kitandani kusoma saa imesema nini kuhusu usingizi wangu, aliniangalia.

"Kwani hiyo saa inakujua kuliko mimi?"

"Inapima moyo."

"Haya. Ikuambie ni nani anayepeleka mashuka kuanikwa."

Halafu nikaanguka. Nilikuwa narudi kutoka Njoro jioni, nikishuka kwa kasi katikati ya mashamba ya ngano, na ng'ombe wa mtu wakaamua kuvuka. Nilishika breki, baiskeli ikateleza kwenye changarawe, goti likatangulia. Hospitali waliniambia hakuna kilichovunjika lakini mshipa umevutika vibaya, na kukimbia nisahau mpaka waniambie wenyewe.

Maumivu niliyavumilia. Nilichoshindwa kuvumilia ni saa. Ndani yake kulikuwa na mshale mdogo wa kuonyesha hali ya mwili wako. Ukifanya mazoezi unaelekea juu, ukikaa unaelekea chini. Wangu ulianza kushuka kabla hata bandeji haijachafuka. Kila asubuhi ulikuwa chini kuliko jana yake. Na kwenye simu niliona mhadhiri amepanda Menengai tena, amekaribia muda wangu kiasi cha kunigusa mgongo.

Asubuhi moja mke wangu alikuwa anatoka kwenda sokoni. Nilikuwa nimeegemeza mguu kwenye stuli.

"Vaa hii," nikamwambia, nikimpa saa.

"Ya nini?"

"Isikae bure mezani. Inahesabu hatua."

"Hatua zangu ama zako?"

"Zetu."

Alicheka akanyoosha mkono. Nilimfunga mimi mwenyewe, tundu la mwisho kabisa, kwa sababu kifundo chake cha mkono ni chembamba. Alirudi na sukuma wiki na mshale umeacha kushuka.

Ikawa mazoea. Asubuhi namvisha, jioni namvua, nasoma. Aliitembeza shuleni, aliitembeza kanisani kwenye mazoezi ya akina mama. Baada ya siku kadhaa akaniambia anataka kuamka mapema kabla ya kazi azunguke mtaa, aone saa itasema nini. Siku ya kwanza alitembea. Siku ya pili ramani ilionyesha amekimbia, mstari mwekundu ukipita nyuma ya nyumba zetu, ukizunguka uwanja, ukirudi. Wenzangu kwenye programu wakaona jina langu limekimbia. *Boss, goti limepona?* akaandika mwalimu wa kwaya. Sikumjibu kwa maneno. Nilimwekea kidole gumba.

Siku chache baadaye saa ilitoa hesabu yake ya umri wa mwili. Hiyo ni hesabu inayotazama mapigo na kasi, kisha inakuambia mwili wako ni wa mtu wa miaka mingapi. Mimi ilikuwa ikinipa umri wangu, na siku mbaya inaongeza. Sasa iliandika ishirini. Nilidhani imeharibika. Niliizima, nikaiwasha. Ishirini. Nilimtazama mke wangu akipanga vyombo kabatini, mwanamke niliyelala naye kitanda kimoja miaka yote ile, na kwa mara ya kwanza nikamwona kama mtu anayeweza kunipita.

Ilitokea Jumapili. Aliamka kukiwa na umande, akasema anachukua boda mpaka Milimani ajaribu ile njia yetu, atarudi kabla ya ibada. Nilisema sawa. Nilikuwa jikoni nakoroga chai, nimesimama kwa mguu mmoja, wakati simu ilipotetemeka. Niliifungua. Kulikuwa na picha ya kikombe cha dhahabu na maneno ya kunipongeza. Nilikuwa nimevunja rekodi yangu ya Menengai. Haikuwa kwa sekunde chache. Ilikuwa kwa kiasi ambacho mtu akikuambia unamuuliza kama alipanda gari.

Pongezi zikaanza kuingia. *Mzee umerudi na moto! Hiyo goti ilikuwa ya kuazima?* Mhadhiri aliandika kwa Kiingereza kirefu kwamba ananivulia kofia.

Kushindwa na mtu mwingine ningelivumilia, nimezoea. Lakini hapa jina lililonishinda lilikuwa langu, na mwenye jina alikuwa amesimama jikoni akichungulia sufuria. Chai ikafurika ikazima moto.

Aliporudi mashavu yake yalikuwa yanawaka. Nilikuwa sijamwona hivyo tangu watoto wetu wakiwa wadogo, kabla hawajaenda shule za bweni.

"Ni pazuri," alisema. "Pale juu kuna baridi kama ya kwetu."

"Ulikimbia yote?"

"Si ndivyo mnakimbianga?"

"Kuna pahali huwa tunatembea kidogo."

"Wapi?"

Sikumwambia wapi. Nilimwambia aoge, tutachelewa kanisani. Kanisani mhubiri alisoma habari za ndugu waliomwonea mwenzao wivu kwa sababu ya kanzu, na nikajishughulisha na kutafuta sadaka mfukoni.

Wiki hiyo yote nilipokea sifa. Nilikuwa nikisema nitawaambia, na kila nikitaka kuandika, mtu mwingine alikuwa ameweka pongezi nyingine. Na nitasema ukweli, zilikuwa tamu. Zilikuwa tamu na zikinichoma, kwa sababu nilijua zinakwenda kwa nani.

Jumamosi wenzangu walisema nije tu hata kama sikimbii, tunywe chai pamoja. Nilikwenda na fimbo, mke wangu akanisindikiza kwa sababu ya ngazi. Tulikaa kwenye veranda ya mmoja wa wale mama wa benki, Milimani, chini ya mti wa maua ya zambarau. Mhadhiri alitazama fimbo yangu, akatazama goti, akatazama fimbo tena.

"Mzee, tuambie siri," alisema. "Unapandaje hivyo na mguu huo?"

Nilifungua mdomo. Mke wangu akawa mwepesi kuliko mimi.

"Nani amepanda? Huyu? Huyu wiki hii hata kitanda anapanda kwa kushikwa. Saa nimevaa mimi."

Veranda nzima ikalipuka kwa kicheko. Mwalimu wa kwaya alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Nami nilicheka, nikapiga hata goti zima.

"Lakini wewe uliona nini?" mmoja aliniuliza. "Umeoa mtu wa Kuresoi, kwao wakimbiaji, halafu unamvisha saa yako?"

"Kwetu hakuna mtu alikuwa anakimbia," mke wangu alisema. "Tulikuwa tunabeba viazi."

Wakacheka tena, lakini sasa walikuwa wamegeuza viti. Walimuuliza anapumua vipi mlimani, anavaa viatu gani, anakula nini asubuhi. Aliwajibu yote, kwa ile sauti yake ya darasani, na nikaona wanamsikiliza vile hawakuwahi kunisikiliza mimi nilipowaeleza habari za mshale. Mhadhiri alimwambia wiki ijayo wakimbie pamoja, kwa sababu yeye mwenyewe hana wa kumvuta mbio. Kabla hatujaondoka, jina la mke wangu lilikuwa limeingizwa kwenye kikundi.

Jioni ile nilimvua saa nikamwambia inahitaji chaji. Ilikaa kwenye chaji siku tatu. Yeye hakuiulizia. Alitoka asubuhi mkono mtupu, akakimbia, akarudi, akaoga, akaenda kazini. Hiyo ndiyo ilinikera zaidi. Mimi bila saa sikujua kama nimekimbia. Yeye bila saa alikimbia tu.

Lakini kulikuwa na saa ya mhadhiri. Jumamosi walipanda pamoja, na ramani ya mhadhiri ikawa inanionyesha mke wangu. Nilikaa mezani na kikombe, nikafuata mstari wao kwa kidole. Hapa Milimani. Hapa mikaratusi. Hapa kona ile mimi huwa natembea. Walikuwa hawajapunguza kasi. Na hapa, ukingoni, mstari umesimama. Ulisimama muda mrefu. Nilibonyeza pahali penyewe nikaona mapigo ya moyo wa mhadhiri yameshuka taratibu, kama mtu aliyekaa mahali pazuri na mtu mzuri.

Jumamosi iliyofuata, tena. Na iliyofuata. Pahali ni palepale, na kusimama ni kurefu. Nilitafuta ramani zake za zamani, za kabla, nikaona alikuwa akifika juu anageuka mara moja. Sasa nikaanza kukumbuka kwamba hana mke. Nikakumbuka ana meno mazuri. Nikakumbuka mke wangu amenunua kitambaa kipya cha kichwa.

"Mnasimamanga pale juu?" nilimuuliza, nikijifanya nasoma gazeti.

"Kidogo."

"Kidogo namna gani?"

Aliweka kitana chini. "Baba watoto, unataka kujua nini?"

"Nauliza tu."

"Umeuliza. Nimekujibu."

Jumamosi nyingine nilingoja atoke. Nilihesabu amefika Milimani, wameanza. Nikaita boda. Dereva alinishika mkono nikapanda na fimbo yangu.

"Mzee, tunaenda kuona kreta?"

"Ndiyo."

"Na mguu huo? Kuteremka kule ndani huwezi."

"Naangalia tu juu."

Alinipitisha njia ya juu ya magari tukawatangulia. Nilimlipa akaenda zake, na mimi nikasimama nyuma ya kibanda cha wauza vinyago, ambacho saa ile kilikuwa bado kimefungwa. Kulikuwa na upepo wa kukata masikio. Chini kabisa kwenye kreta mvuke ulikuwa unatoka kwenye miamba, mwembamba mwembamba. Mtu wa umri wangu, mwenye watoto wa sekondari, nimejibanza nyuma ya mabati nikimngojea mke wangu.

Walifika. Yeye mbele, mhadhiri hatua chache nyuma akihema kwa mdomo wazi. Moyo wangu ulianza kupiga kwa kasi, na hakukuwa na saa ya kuuhesabu. Mhadhiri akainama akashika magoti. Akainuka. Akatoa simu, akainua mkono wenye saa juu, akaanza kutembea huku na huku pembeni mwa ukingo kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Alikuwa anatafuta mtandao. Alipoupata akasimama, akainamia simu yake, na hakuinua kichwa tena.

Mke wangu alikwenda upande mwingine kabisa. Alikaa juu ya jiwe, akavua viatu, akavipanga kando, akanyoosha vidole vya miguu. Basi. Alikaa. Wale wengine walifika mmoja mmoja, wakampungia mkono, naye akawapungia, na hakuna aliyemwendea. Alikuwa anatazama chini kwenye mvuke, uso wake umetulia kiasi kwamba nilimwonea wivu hata jiwe alilokalia.

Sikujua nifanye nini. Kurudi bila boda nisingeweza, na kibanda hakikuwa na mlango wa nyuma. Nikatoka. Fimbo iligonga kokoto, akageuka.

Alinitazama muda. "Umekuja na nini?"

"Boda."

"Umekuja kunichunga."

"Ndiyo."

Alivaa kiatu kimoja, akakifunga kamba polepole. "Si ungeniuliza?"

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza kama mtu anauliza bei ya nyanya na hanunui." Akavaa cha pili. "Unataka kujua huwa nafanya nini hapa? Nakaa. Shule naitwa teacher, teacher, mpaka mchana. Nyumbani naitwa. Kanisani naitwa. Hapa hakuna mtu ananiita. Nakaa mpaka miguu ipoe, nashuka."

"Na daktari?"

Alimtazama mhadhiri, ambaye alikuwa bado amekunja shingo juu ya simu. "Huyo? Huyo anangoja ramani yake iende. Ikikataa kwenda tunamngoja sote. Huo ugonjwa amepata kwako."

Ningecheka, lakini alikuwa hajamaliza.

"Na usiniambie unamwonea wivu huyo mtoto wa watu. Unanionea mimi."

Upepo ulivuma. Nilitafuta jibu la kumkanushia, nikapata mengi, na yote nilijua atayapasua moja baada ya jingine. Kwa hivyo nikasema, "Nilikuwa wa kwanza."

"Najua."

"Sijawahi kuwa wa kwanza."

"Na mimi je?" aliuliza. "Mimi nilikuwa wa kwanza lini?"

Tulishuka kwa miguu, kwa sababu siku hiyo boda zote zilikuwa zimeteremkia mjini. Ilichukua muda mrefu. Wenzetu walitupita wakikimbia, wakatusalimia kwa adabu ya watu walioona kitu na hawatakisema. Hakunishika mkono. Lakini kwenye zile sehemu za mteremko mkali alikuwa anatangulia hatua moja, anasimama, anangoja fimbo yangu ipate pa kukanyaga, kisha anaendelea.

Siku hiyo mchana nilifungua programu nikaifuta rekodi ya Menengai iliyokuwa kwa jina langu, na mbio zote ambazo hazikuwa zangu. Jina langu liliporomoka. Mhadhiri akawa wa kwanza. Nilikaa nikalitazama jina lake pale juu, na lilinikera vile vile nilivyotarajia litanikera. Kisha nikaitengeneza saa upya kwa jina la mke wangu, kwa urefu wake na uzito wake, ambao ilibidi nimuulize.

"Unanipa?" aliuliza.

"Nakuazima. Mpaka goti lipone."

"Basi nitaivaa siku za mlima tu. Siku zingine inanibana."

Alipopanda nayo Jumamosi iliyofuata, mhadhiri akawa wa pili. Hiyo haikuniuma.

Mwezi mmoja baadaye makanisa ya Njoro yaliandaa mbio za barabarani kusaidia kituo cha watoto, kilomita kumi kati ya mashamba ya ngano, na mke wangu akajiandikisha katika kundi la wanawake waliopita miaka arobaini. Nilikwenda. Goti lilikuwa limeanza kukunjika. Nilisimama kwenye kamba ya mwisho nikiwa nimeshika sweta lake, kazi niliyoizoea, na mwenye kipaza sauti alipokosa cha kusema aliniuliza mimi ni nani. Nikasema mimi ni mume wa mmoja wa wakimbiaji. "Mume wa mkimbiaji huyo hapa!" alitangaza, na watu wakanipigia makofi ya kunihurumia.

Alikuja wa pili. Mbele yake alikuwa mama mmoja kutoka Molo, mfupi, mpana mabegani, amevaa sketi juu ya suruali ya kukimbilia. Nitakuwa mwongo nikisema sikusikia raha kidogo mahali fulani chini ya mbavu nilipoona amepitwa. Niliupanga uso, nikaenda kumfunika sweta nikimwambia wa pili ni heshima kubwa.

"Heshima gani?" alisema. Alikuwa amekunja ndita. "Umeona alivyonipita pale darajani? Aliningoja nyuma njia nzima, ananitumia kukinga upepo!"

"Ni ujanja wa mbio."

"Na sketi! Mtu anakimbia na sketi!"

Mama wa Molo alikuja kumshika mkono. Mke wangu alimpa mkono, akatabasamu, akamwambia Mungu ambariki. Yule mama alipogeuza mgongo, tabasamu la mke wangu likaanguka chini kama sahani. Njia yote ya kurudi Kiamunyi alimzungumzia. Viatu vyake. Mabega yake. Kwamba lazima ana umri mdogo kuliko alioandika. Jioni aliniomba simu, na nilipochungulia nikamkuta ameipata ramani ya yule mama kwenye programu, anaifuata kwa kidole kutoka Molo kwenda Elburgon na kurudi, kilima baada ya kilima, akinong'ona.

"Huyu hukimbia kila siku," alisema. "Kila siku! Analima saa ngapi?"

Nilikaa karibu naye kwenye kochi. Kwa muda mrefu nilikuwa nimedhani kwamba nyumbani kwetu ni mimi tu niliye na kidonda hicho, na kwamba yeye ameumbwa kwa udongo safi zaidi. Sasa nilimwona ameuma mdomo wa chini, amekazia macho mstari mwekundu wa mwanamke asiyemjua, na nikampenda kwa namna ambayo sikuwa nimempenda pale juu ya jiwe.

"Hiki kilima akikishuka anapunguza kasi," nikamwonyesha. "Na hiki."

"Wapi?"

"Tazama mapigo. Huyu, mteremko unamsumbua. Ukimpita, umpite kwenye mteremko."

Alinigeukia. "Utanifundisha kuteremka?"

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Hospitali wamenikubalia baiskeli, kukimbia bado. Jumatano na Jumamosi tunatoka pamoja barabara ya Njoro, yeye kwa miguu, saa sasa haivui, mimi kwa baiskeli pembeni yake, nikimsomea kasi kutoka kwenye simu niliyoifunga kwenye usukani. Ananiambia ninyamaze. Naendelea. Kwenye miteremko ninamwonyesha alegeze mabega, aache miguu izunguke yenyewe, na anasikia, na anajifunza haraka kuliko ninavyopenda. Watu wanaotujua wanamsalimia yeye kwanza. Wanamuuliza mbio zinazofuata ni lini. Kisha wananikumbuka mimi, wananiuliza habari ya goti.

Wivu haujaisha. Wiki jana kulikuwa na upepo wa usoni na kile kilima cha kabla ya chuo, na nilijikuta nimesimama kwenye pedali, natokwa na jasho, gia ya mwisho kabisa, huku yeye akipanda mbele yangu kwa miguu yake miwili, kitambaa kichwani, hata hapumui kwa kelele. Mama mmoja aliyekuwa akipanga kabichi kando ya barabara alituona akasimama wima.

"Mathe!" alimwita. "Mngojee mzee, anakufa huku nyuma!"

Mke wangu aligeuza kichwa, akanitazama, akaitazama saa. Kisha akaongeza mwendo.